Wageni wanataka kuja kuwapasua watoto wetu: tuwaombe nini?

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Makambako, na ni katibu wa kamati ya afya ya usharika wetu. Marafiki zetu wa usharika mmoja wa Ulaya wamechangishana fedha baada ya kusikia habari za watoto wanaozaliwa huku kwetu na kasoro za mwili, wengine wakafa, wengine wakakua nazo kwa kukosa upasuaji. Wanataka kuleta timu ya madaktari kwa wiki mbili kila mwaka, wapasue watoto wengi iwezekanavyo katika hospitali ya kanisa. Nusu ya kamati inasema tuwajibu ndiyo leo hii. Mimi nasita, maana nimewahi kusikia habari za watoto waliobaki na vidonda wageni walipoondoka. Ushirikiano wa namna gani na watu wa nje unawasaidia watoto kweli? Tuwajibu nini?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu.

Umeuliza swali ambalo kamati nyingi huliuliza wageni wakiwa wameshashuka uwanja wa ndege wa Songwe na masanduku yao. Kusita kwako kuna sababu, na haraka ya wenzako nayo inaeleweka, kwa kuwa aliyemwona mtoto akiteseka hana hamu ya kusikia habari za mipango. Fedha hizo msizikatae. Ila ningekuwa mjumbe wa kamati yenu, ningewaomba marafiki zenu kitu tofauti na wanachotaka kuleta. Ningewaomba watu wachache wanaorudi hospitali ileile kwa miaka, wakifanya kazi na watumishi walewale, mpaka watumishi hao waweze kumpokea na kumpasua mtoto usiku wa manane bila mgeni yeyote kuwapo.

Nianze na watoto wenyewe, kwa sababu ushirikiano mwingi huharibika pale ambapo watu hawakujiuliza wanamzungumzia mtoto yupi.

Yuko mtoto anayeweza kungoja. Mwenye mdomo sungura, kwa mfano, akipata maziwa ya kutosha na akaongezeka uzito, anapasuliwa akiwa na miezi kadhaa, na kuchelewa kidogo hakumuui. Ngiri nyingi za watoto nazo zinaweza kupangiwa tarehe, mradi isiwe imekwama. Kwa watoto hawa kambi ya upasuaji inaweza kufanya kazi nzuri. Hata hivyo, shirika la Smile Train lililoanza 1999 kwa ajili ya watoto wa midomo sungura halikujengwa juu ya safari za madaktari wa nje. Lilichagua kuwafundisha na kuwagharamia madaktari wa nchi husika ili wafanye upasuaji huo mwaka mzima.

Halafu yuko mtoto asiyeweza kungoja. Anazaliwa bila njia ya haja kubwa. Au utumbo wake umeziba na anatapika matapishi ya kijani. Au koo la chakula halijaungana na tumbo, kila akinyonyeshwa anapaliwa. Au anazaliwa utumbo ukiwa nje kabisa, umetokea kwenye tundu kando ya kitovu. Mtoto huyu hajui ratiba ya kambi. Anazaliwa Ludewa mwezi wa tatu mvua zikiwa zimekata barabara, na wageni wenu huenda wakaja Septemba.

Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliofanywa na hospitali 264 katika nchi 74, ukafuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro saba za aina hii za tumbo na njia ya chakula. Katika nchi tajiri walikufa asilimia 5.6. Katika nchi za kipato cha kati walikufa asilimia 20.4. Katika nchi za kipato cha chini, kundi ambalo Tanzania ilikuwamo kwa hesabu za Benki ya Dunia hadi Julai 2020, walikufa asilimia 39.8. Kwa mtoto aliyezaliwa utumbo ukiwa nje pengo linatisha zaidi: kwenye nchi tajiri hufa asilimia 1.4, kwenye nchi za kipato cha chini asilimia 90. Ni kasoro ileile.

Soma hizo takwimu tena Mwalimu, kisha jiulize tofauti inatoka wapi. Watu wengi hudhani inatoka kwenye mikono ya daktari mpasuaji, ndiyo maana msaada wa kwanza unaotajwa ni kuleta wapasuaji. Utafiti ule ulionyesha mengine. Waliokufa zaidi ni waliofika hospitali wakiwa tayari na maambukizi kwenye damu, waliokosa mashine ya kuwasaidia kupumua walipoihitaji, waliokosa lishe ya kupitishwa kwenye mshipa, na waliopasuliwa bila timu kupitia orodha ya usalama. Karibu yote hayo hutokea kabla daktari hajashika kisu, au baada ya kukiweka chini.

Chukulia mtoto wa utumbo nje aliyezaliwa zahanati ya Makete mwezi wa saba. Wewe unaijua baridi ya huko. Utumbo ulio wazi unapoteza joto na maji kwa kasi kubwa, na mtoto mchanga aliyepoa damu yake haigandi vizuri, sukari inashuka, pumzi inalegea. Anachohitaji saa ile ni kufunikwa utumbo kwa mfuko safi wa nailoni angavu, kuwekwa kifuani kwa mama au kwa bibi ngozi kwa ngozi, kupitishiwa mpira mwembamba wa kuondoa hewa na uchafu tumboni, kufunguliwa dripu ya kiasi kilichopimwa, kuanzishiwa dawa za maambukizi, kisha gari. Vitu hivi ni vya bei ndogo, lakini muuguzi hawezi kuvifanya kama hajawahi kuonyeshwa. Mtoto akifika Mbeya akiwa na joto na maji mwilini, mimi na wenzangu tuna cha kufanya. Mara nyingi hata hatuhitaji kumpasua siku hiyo: tunauweka utumbo kwenye mfuko maalumu unaotundikwa juu yake, na unarudi tumboni wenyewe taratibu kwa siku kadhaa. Akifika wa baridi, amekauka na ana maambukizi, hata bingwa aliyetoka London siku hiyohiyo hana la kumfanyia.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa marafiki zenu lingekuwa kuhusu saa hizo. Wamlete muuguzi wa watoto wachanga kabla ya kumleta mpasuaji. Akae na wauguzi wenu, kisha waende wote kwenye vituo vya afya na zahanati zinazowaletea rufaa. Usafiri wenyewe una njia tayari: mfumo wa m-mama wa kubeba wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura unapatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Msianzishe gari la kwenu pembeni. Hakikisheni kila zahanati inaijua namba hiyo na inaitumia pia kwa mtoto mchanga, maana wengi huikumbuka kwa mama tu.

La pili ni usingizi wa upasuaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sioni jambo linalosahaulika zaidi.

Mtoto mchanga wa kilo tatu ana damu ya mililita 240 hivi mwilini mwake mwote. Haijazi hata chupa ndogo ya soda. Damu inayolowanisha vitambaa viwili vitatu, ambayo kwa mtu mzima hakuna anayegeuka kuitazama, kwake ni sehemu kubwa ya uhai wake. Njia yake ya hewa ni nyembamba, oksijeni yake inashuka kwa sekunde chache akiacha kupumua, na dozi za dawa huhesabiwa kwa vijisehemu vya mililita. Mtaalamu wa usingizi aliyezoea mama wa upasuaji wa kujifungua anajua kazi yake barabara, lakini mtoto wa siku mbili ni kazi nyingine. Anahitaji mipira ya saizi ndogo kabisa, kipimo cha oksijeni chenye kibanio cha kidole au wayo wa mtoto, blanketi la joto, na zaidi ya vyote, mtu wa kumfundisha kando ya meza mpaka hofu imtoke. Chama cha wataalamu wa usingizi cha Uingereza na shirikisho lao la dunia waliandaa kozi fupi zinazoitwa SAFE, mojawapo ikiwa ya watoto, na zimefundishwa katika nchi nyingi za Afrika. Mtaalamu mmoja wa usingizi anayekuja mara mbili kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, ataokoa watoto wengi kuliko wapasuaji sita wa wiki mbili. Hayo nayasema nikiwa mpasuaji.

Umewahi kusikia watoto walioachwa na vidonda. Nimewaona. Nitataja upasuaji ambao mimi nisingeruhusu ufanywe kambini mpaka wageni wathibitishe wanarudi na kuna daktari wa hapa anayejifunza kando yao: ule wa mtoto wa kiume ambaye tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya kwenye ncha. Wageni wanaupenda kwa sababu matokeo yake yanaonekana mezani mara moja. Lakini hata kwenye mikono mizuri sehemu ya watoto hao hupata tundu jipya linalovuja wiki kadhaa baadaye, au njia inabana, na kila upasuaji wa kurudia unakuta ngozi pungufu na makovu zaidi. Daktari aliyebaki hakuona kilichofanyika na hana maandishi. Mama anazungushwa. Hospitali moja iliwahi kubaki na watoto wa namna hiyo baada ya kambi, na daftari la upasuaji wageni waliondoka nalo. Mtoto wa kasoro hii hafi kwa kungoja, basi na angoje aliye tayari kumfuata mpaka mwisho.

Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Kwa kawaida matibabu yake yana hatua tatu. Siku za mwanzo anafunguliwa njia ya muda ubavuni mwa tumbo ili kinyesi kitoke. Miezi kadhaa baadaye anatengenezewa njia mahali pake, kisha mama anafundishwa kuipanua kidogo kidogo kila siku isijifunge. Mwishoni ile ya ubavuni inafungwa. Hatua ya kwanza daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kufundishwa kuifanya vizuri, na ndiyo inayookoa maisha. Tatizo letu Nyanda za Juu ni kwamba watoto wengi wanapata hatua ya kwanza wanakwama hapo. Anafika umri wa shule kinyesi kikitoka tumboni, mama akifunga vipande vya khanga kwa sababu mifuko maalumu haipatikani, na wewe Mwalimu unajua darasa linavyoweza kuwa katili kwa mtoto anayenuka. Kambi ikija ikafanya hatua ya pili tu, bila mtu wa kusimamia upanuaji na kumalizia hatua ya tatu, imemwongezea mtoto kovu. Tunachokosa ni orodha ya watoto hawa kwa majina na namba za simu za wazazi, nauli za kuja Mbeya, na mahali pa mama kulala akifika.

Sasa nikueleze ushirikiano ninaouheshimu, ili usidhani nawaona wageni kama mzigo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alihamia Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Walikuwa wakipokea watoto wa vichwa vikubwa, wengi wao kutokana na maambukizi ya ubongo yaliyowapata wakiwa wachanga. Tiba iliyozoeleka kote duniani ni kuweka mpira unaoshusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huo huziba, na ukiziba mtoto ana saa au siku chache. Kwenye jiji lenye hospitali kila kona hilo linatibika. Kwa mtoto wa kijijini ambaye mama yake anahitaji siku mbili kufika hospitali, ni hukumu. Warf na wenzake wa Mbale wakatengeneza njia ya kuingiza kamera nyembamba kichwani, kufungua mlango mwingine wa maji ndani ya ubongo wenyewe na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili watoto wengi waweze kuishi bila mpira. Wakaandika matokeo yao, wakawafundisha madaktari wa nchi nyingine, na mwaka 2017 wakachapisha katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine utafiti wa watoto 100 waliopangwa kwa kura kati ya njia hizo mbili. Baada ya mwaka mmoja maendeleo ya akili ya watoto hayakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Maana yake kwa mama wa Kyela ni kwamba mwanawe anaweza kukwepa mpira bila kulipia kwa akili yake. Njia hiyo iliyozaliwa Mbale leo inatumika pia Marekani. Haya yalitokea kwa sababu mtu alikaa, akaruhusu hali ya mahali imbadilishe alichokuja nacho.

Karibu zaidi na sisi, ukivuka Kasumulu ukashuka mpaka Blantyre, kuna kituo cha Mercy James cha upasuaji na uangalizi maalumu wa watoto kilichofunguliwa 2017 kwenye hospitali ya Queen Elizabeth, kwa fedha za shirika la Raising Malawi. Jengo ni zuri, lakini ninalolitazama mimi ni kwamba upasuaji wa watoto ulikuwa umeshajengwa pale miaka mingi kabla, na mpasuaji wa watoto Eric Borgstein pamoja na madaktari na wauguzi wa Malawi, katika wodi zilizojaa. Watu walitangulia, jengo likawafuata. Nimeona kwingine jengo likitangulia, watu hawakufuata.

Na mguu kifundo, yaani mguu ambao mtoto anazaliwa nao umepinda kwa ndani, ndio mfano rahisi kuliko yote. Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, aliwaonyesha madaktari kwamba mguu huo hauhitaji upasuaji mkubwa. Mtoto anafungwa hogo la plasta, kila wiki linabadilishwa huku mguu ukinyooshwa kidogo kidogo, kwa kawaida mara tano hadi saba, kisha wengi wanakatwa kano ya kisigino kwa ganzi ya kawaida, halafu wanavaa viatu vilivyoungwa kwa chuma. Miezi mitatu ya kwanza karibu muda wote, baadaye usiku tu mpaka umri wa miaka minne hivi. Malawi na Uganda waliwafundisha maafisa tabibu kuifanya. Ushirikiano hapa haukuhitaji chumba cha upasuaji. Ulihitaji mwalimu, plasta, viatu, na nauli ya kila wiki. Wakisema marafiki zenu wana fedha kidogo tu, waelekezeni huku kwanza.

Nimesema mengi juu ya kufundisha, basi tuone hesabu yake. Utafiti uliolinganisha nchi mbalimbali ulipendekeza angalau wapasuaji wanne wa watoto kwa kila watoto milioni moja wa chini ya miaka 15, ili wengi wa watoto wenye magonjwa haya wapone. Mikoa saba ya huku kwetu, yaani Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Ruvuma, Rukwa na Katavi, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 10 kwa sensa ya 2022. Zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania ni watoto wa umri huo, kwa hiyo tuna watoto milioni nne na ushee. Kwa kipimo hicho tungehitaji wapasuaji wa watoto wasiopungua 16. Mwenyeji yeyote anajua hatujafika karibu, na mzazi anaishia kupanda basi, kuteremka Kitonga na kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mjini.

Pengo hilo halizibwi na kambi. Linazibwa na vijana wetu wakisomeshwa. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha na kilichoanzishwa 1999, kinawafundisha madaktari wakiwa kazini hospitalini, upasuaji wa watoto ukiwemo, na tangu 2007 kina ushirikiano na chuo cha wapasuaji cha Ireland. Huo ndio muundo ninaoupenda: mtihani ni mmoja, vitabu na walimu wanashirikishana, na daktari hahami bara. Fedha za kambi mbili tatu, kwa tiketi za ndege na hoteli za timu nzima, zinaweza kubeba sehemu kubwa ya masomo ya daktari mmoja kijana kutoka mikoa yetu. Wekeni tu mkataba wa kurudi, na hakikisheni akirudi atakuta mtaalamu wa usingizi na wodi ya wachanga, la sivyo atahamia Dar naye.

Vifaa: kuweni wakali. Uchunguzi uliochapishwa 2011, wa hospitali za nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi. Kabla ya kupokea mashine yoyote ulizeni kama inatumia umeme wetu wa volti 230, vipuri vinapatikana Tanzania, na nani atamfundisha fundi wenu wa vifaa tiba. Kama majibu hayapo, ishukuruni barua yao na mashine ibaki kwao.

Jambo moja ambalo halina gharama kabisa. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ya vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kukata na kabla mgonjwa hajatoka chumbani, ilijaribiwa katika miji minane duniani. Mmoja wao ni Ifakara, nyuma tu ya milima yetu ya Udzungwa. Matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 katika hospitali hizo nane, na madhara ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wagonjwa walikuwa wa miaka 16 na kuendelea, lakini utafiti wa watoto niliokutajia mwanzoni umeelekea upande uleule. Wageni wenu wakikuta haitumiki, waianzishe pamoja na wenyeji siku ya kwanza, na wao wenyewe waitii.

Sasa barua. Waandikieni kwa shukrani ya kweli, maana hawa ni watu waliotoa mfukoni mwao. Waambieni mnaomba ahadi ya miaka mitano au zaidi kwa hospitali moja. Waambieni orodha ya mahitaji itaandikwa na daktari mfawidhi na wauguzi wa hospitali hiyo, na kwamba ipo miongozo iliyotolewa na mtandao wa GICS, ulioundwa 2016 na wapasuaji wa watoto wa nchi maskini na tajiri kwa pamoja, inayoeleza hospitali ya kila ngazi inapaswa kuwa na nini kwa ajili ya upasuaji wa watoto. Waipime hospitali kwa miongozo hiyo wakiwa pamoja na wenyeji. Serikali nayo ilizindua 2018 mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi wa miaka ya 2018 hadi 2025, kwa hiyo mganga mkuu wa mkoa lazima awe mezani tangu mwanzo. Kila daktari mgeni asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kumgusa mtoto. Kila upasuaji uwe na daktari wa hapa mezani, ikiwezekana akishika kisu yeye na mgeni akimsaidia. Daftari na picha za vipimo vibaki hospitali. Picha za watoto za kuchangishia fedha zisipigwe bila mzazi kuelewa zinakwenda wapi na kukubali, na akikataa, mtoto atibiwe vilevile.

Mkumbuke pia akina mama wanaojifungua. Hospitali nyingi za kwetu zina chumba kimoja au viwili vya upasuaji. Kambi ikikalia vyote wiki mbili, mama wa dharura anangoja mlangoni. Chumba kimoja kibaki wazi saa zote, na liandikwe kwenye makubaliano.

Upande wenu wa usharika kuna kazi ambayo mgeni hawezi kuifanya. Mna vikundi vya akina mama, mna jumuiya, mna shule. Fundisheni kwamba mtoto akizaliwa lazima atazamwe kama ana njia ya haja kubwa, kabla ya kwenda nyumbani. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni safari ya hospitali leo, usiku huu. Asiyepata choo siku ya kwanza na ya pili aonwe. Ngiri iliyogoma kurudi na mtoto analia bila kunyamaza, ni dharura. Weupe unaong'aa kwenye mboni ya jicho, au uvimbe tumboni ambao mama anauhisi akimwogesha, usisubiri hata wiki, kwa sababu unaweza kuwa saratani inayotibika ikiwahiwa. Na aliyeungua uji au chai amwagiwe maji safi ya bomba dakika 20, asipakwe dawa ya meno.

Kama wanasisitiza kuja mwaka huu, waje wawili au watatu: mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa watoto wachanga, na mpasuaji mmoja asiyeona vibaya kukaa siku tatu bila kupasua. Waje Juni au Julai, baridi ikiwa kali, wakeshe wodini na watumishi wenu, na kwa kila mtoto atakayepokewa wiki hizo waandike pamoja nini kilihitajika na hakikuwapo. Bajeti ya mwaka wa pili itoke kwenye maandishi hayo. Nakala mnitumie na mimi, ili wenzangu wa wodi ya wachanga hapa Mbeya wajue ni rufaa za namna gani watarajie kutoka kwenu.